Una waranti ya zamani ya kosa dogo hapa Marekani? Fanya hivi

Naandika hii kwa watu wetu walioko Marekani ambao wana tiketi ya zamani mahali fulani, ile ya kuendesha bila bima, ya stika ya gari iliyokwisha muda, ya kupanda treni bila kulipa nauli, ya kunywa bia nje, halafu tarehe ya mahakama ikapita kwa sababu ulikuwa shifti ya usiku au ulishahama na barua ikaenda anuani ya zamani, na sasa miaka sita au kumi imekatika na kila ukiona taa za polisi kwenye kioo moyo unaruka. Nawajua watu wazima wenye familia zao hawaendeshi gari usiku kwa sababu hiyo tu, mtu hata msiba wa ndugu yake jimbo la pili haendi. Na mara nyingi ni jambo la asubuhi moja kulimaliza, ndiyo maana linaniuma kuona watu wanakaa nalo miaka.

Kwanza jua unadaiwa nini hasa. Wengi wanadhani waranti ilitoka kwa sababu hawakulipa, kumbe kwa kawaida ilitoka kwa sababu hawakufika. Ile sahihi uliyoweka barabarani kwenye tiketi haikuwa kukubali kosa, ilikuwa ahadi kwamba utafika au utajibu kabla ya tarehe fulani, sasa ulipokaa kimya jaji akaandika amri ukamatwe uletwe mbele yake, hiyo ndiyo wanaita benchi waranti. Halafu kuna ya pili, inayotoka baada ya kesi kwisha, yaani ulishahukumiwa faini, ukalipa kidogo ukaacha. Hizi mbili usizichanganye. Kwa ile ya kwanza kesi yako bado haijaamuliwa, una haki zote za kukana kosa kama siku ile ile ya kwanza, kwa ya pili hukumu ishatoka, mnaongea habari za pesa tu. Na ujue majimbo mengi yanahesabu kutofika kama kosa lingine peke yake, kwa hiyo unaweza kukuta makosa mawili wakati wewe unakumbuka moja.

Kwenye magrupu ya WhatsApp kuna uongo unazunguka kwamba waranti ikifika miaka saba inajifuta. Haijifuti. Kinachokwisha muda ni nafasi ya serikali kufungua mashtaka, lakini tiketi yako ilishafunguliwa zamani, saa ilishasimama, na waranti inakaa hapo mpaka itekelezwe au jaji aifute. Kuna mlango mmoja mdogo ambao wakili anaweza kuubisha, haki ya kesi kusikilizwa mapema. Mwaka 1992 Mahakama Kuu ya Marekani ilimfutia kesi mtu aitwaye Doggett kwa sababu serikali ilikaa miaka minane na nusu tangu ashtakiwe mpaka akamatwe, na yeye muda wote huo alikuwa anaishi wazi kwa jina lake, hana habari kama anatafutwa. Lakini kama wewe ulijua ukajificha, hoja hiyo inapungua nguvu sana, kwa hiyo kuendelea kusubiri hakukusaidii, kunakuharibia.

Kinachoweza kutokea ni viongozi wenyewe kuzifuta kwa wingi. Agosti 2017 waendesha mashtaka wa Manhattan, Brooklyn, Bronx na Queens waliomba mahakama zifute waranti zaidi ya 640,000 za makosa madogo zilizokuwa na umri wa miaka kumi na zaidi, vitu kama kunywa pombe hadharani au kukaa bustanini baada ya saa za kufunga, na zikafutwa. Staten Island hawakushiriki, ingawa zote ni sehemu za mji huo huo mmoja wa New York. Ferguson kule Missouri, baada ya wizara ya sheria kutoa ripoti 2015 kwamba watu zaidi ya 16,000 walikuwa na waranti kwenye mahakama ya mji wenye wakazi kama 21,000, jaji mpya aliondoa waranti zote zilizotolewa kabla ya mwisho wa 2014. Kwa hiyo inawezekana kabisa umekuwa ukiogopa kitu ambacho hakipo tena. Lakini usikisie, angalia.

Kuangalia kunafanyika hivi. Tafuta tiketi, kama ilipotea kumbuka ni mji gani na kaunti gani ulisimamishwa, kwa sababu waranti ya kosa dogo inakaa kwenye mahakama iliyoitoa na siyo kwenye ofisi moja ya nchi nzima. Mji una mahakama yake, kaunti ina yake, na barabara moja inaweza kupita miji mitatu. Kama hukumbuki kabisa, omba rekodi yako ya udereva kwenye ofisi ya leseni ya jimbo lako, mara nyingi pale kutaonekana mahakama iliyoripoti kwamba hukufika. Ukishaijua mahakama ingia websaiti yao utafute kwa jina na tarehe ya kuzaliwa, au piga simu kwa karani uulize kuhusu kesi namba fulani, swali fupi tu, "kesi hii iko hatua gani, kuna waranti?", usianze kusimulia siku ile ilikuwaje maana karani si wakili wako. Kituo cha polisi usiende kuulizia, wao wakikuona kwenye kompyuta wanatekeleza amri palepale. Zile websaiti za binafsi zinazodai dola kadhaa ili "ukague waranti" achana nazo, taarifa zao mara nyingi zimechacha.

Hapa sasa kuna jambo letu sisi. Majina yetu yameandikwa kila namna. Wengi waliokuja kama wakimbizi wamepewa tarehe ya kuzaliwa Januari 1, jina la baba limekuwa la ukoo, la ukoo limekuwa la katikati, Mohamed ana m mbili kwenye leseni na moja kwenye kadi ya kijani. Tafuta kila namna, geuza majina, tafuta na bila la katikati. Na kinyume chake, ukiona waranti kwa jina lako na Januari 1 usikubali haraka kwamba ni wewe, kunaweza kuwa na Hassan Juma wanne kwenye kaunti moja wote wamezaliwa Januari 1. Angalia anuani, angalia gari, angalia mwaka, ulikuwa wapi mwaka huo.

Na kama mtu amekupigia simu yeye anakwambia una waranti kwa sababu hukufika kwenye baraza la wazee wa mahakama (jury, raia wanaoitwa kuamua kesi), ulipe sasa hivi kwa kadi za zawadi za dukani au kwa kutuma pesa kwa simu, huyo ni mwizi. Mahakama haikusanyi faini kwa kadi za zawadi. Kata simu, tafuta namba ya mahakama mwenyewe, uliza.

Kabla ya kwenda popote, kama wewe si raia wa Marekani, soma aya hii mara mbili. Hatari kubwa kwako pengine siyo hiyo waranti, ni namna utakavyoimaliza. Mtu anafika amechoka, anaambiwa kubali kosa, lipa dola 150, nenda nyumbani, anakubali kwa furaha, halafu miaka mitatu baadaye anaomba uraia anaambiwa kosa lile lilikuwa la wizi. Kuendesha na taa moja imeungua ni jambo moja, lakini kuchukua kitu dukani, bangi hata kidogo, ugomvi wa nyumbani, hayo hata yakiwa "madogo" kwa mahakama ya mji, kwa uhamiaji yanaweza kuwa makubwa. Tena sheria ya uhamiaji ya tangu 1996 ina tafsiri yake ya hatia, hata jaji akikwambia kesi itafutwa ukikaa vizuri miezi sita, kama ulikiri au ulisema hupingi na ukapewa adhabu au sharti lolote, uhamiaji wanaweza kuihesabu kuwa umetiwa hatiani. Mwaka 2010 kwenye kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky, Mahakama Kuu ilisema wakili anayekutetea kwenye jinai ana wajibu wa kukueleza kama kukiri kutakuletea hatari ya kufukuzwa nchini. Huyo Padilla alikuwa dereva wa lori mwenye makaratasi halali, alikuwa amekaa Marekani zaidi ya miaka 40, wakili wake akamwambia asiwe na wasiwasi amekaa muda mrefu. Kwa hiyo uliza swali hilo kwa mdomo wako, na kama hakuna wakili hapo, mwombe jaji muda ukatafute ushauri kabla hujakiri chochote. Na kama huna makaratasi kabisa, usiingie jengo la mahakama kabla hujaongea na wakili wa uhamiaji, maafisa wa uhamiaji wamekuwa wakikamata watu mahakamani, na ingawa New York na California wana sheria zao za kupunguza hilo, usitegemee tu, uliza kwa jimbo lako na kwa hali yako.

Wakili ni lazima? Kwa tiketi ya kawaida ya barabarani na wewe ni raia, mara nyingi unaweza mwenyewe. Kwa kosa lenye uwezekano wa jela mtafute. Tangu uamuzi wa Argersinger wa 1972 huwezi kufungwa hata kwa kosa dogo bila kupewa nafasi ya kuwa na wakili, kama huna pesa serikali inakupa, ila kwa makosa ya faini peke yake wengi hawapewi wa bure, hapo jaribu ofisi za msaada wa kisheria au kliniki za vyuo vya sheria. Faida kubwa ya wakili ni kwamba kwa kosa dogo sehemu nyingi anaweza kuwasilisha ombi la kufuta waranti na kusimama mbele ya jaji bila wewe kuwepo, unasubiri simu tu. Hata kama umehamia jimbo jingine mbali, njia ni hiyo hiyo. Watu wananiuliza, nikiwa Ohio watakuja kunichukua kwa tiketi ya Arizona? Kwa kosa dogo mara nyingi hawatumi mtu, gharama haiwaingii akilini, lakini waranti inabaki, na majimbo mengi yana mkataba tangu 1977 kwamba tiketi ya jimbo jingine usipoijibu, jimbo lako linaweza kukusimamishia leseni. Hapo ndipo mtu anasimamishwa kwa taa tu, anajikuta na kosa jipya la kuendesha bila leseni halali, na hilo ndilo linaloanza kuwa zito.

Sasa kwenda mwenyewe. Mahakama nyingi zina siku au saa za watu wanaokuja bila miadi kwa ajili ya waranti, mwulize karani kwa simu. Nenda mwanzoni mwa wiki, asubuhi. Ijumaa mchana usiende hata kidogo, maana lolote likiharibika jaji hayupo hadi Jumatatu na wewe utakaa ndani wikiendi nzima. Chukua kitambulisho, tiketi kama ipo, na ushahidi kwamba tatizo lenyewe umeshalirekebisha, bima mpya, leseni mpya, stika mpya, hicho kinasaidia kuliko maneno kumi. Chukua karatasi za mshahara au za msaada wa chakula. Kama unatumia dawa meza kabisa asubuhi na ubebe nyingine kwenye chupa yake yenye jina lako. Namba mbili za simu ziandike kwenye karatasi, maana simu ikichukuliwa namba za kichwani hakuna mtu anazo siku hizi, na mtu wa kuwachukua watoto shule awe ameshajua kabla hujatoka.

Mkalimani omba mapema, kwa simu, bure. Mahakama zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kukupa kwa mujibu wa sheria ya haki za kiraia ya 1964. Sema ni Kiswahili cha wapi, cha Kongo au cha pwani, maana nimeona mkalimani wa Nairobi na mama wa Uvira wanaangaliana tu. Mtoto wako asikutafsirie, hata kama Kiingereza chake ni kizuri, haifai mtoto wa miaka 12 amwambie mama yake maneno ya jaji.

Nilimsindikiza kaka mmoja, waranti ya miaka tisa, leseni ilikuwa imekwisha muda aliposimamishwa. Tulifika saa mbili kasorobo asubuhi Jumanne, karani yuko nyuma ya kioo chenye tundu la chini, kaka kashika bahasha ya kaki mpaka imelowa jasho. Karani akatafuta jina, hakuna. Akatafuta tena, hakuna. Kaka akanigeukia kabisa kwamba twende zetu. Nikamwambia karani geuza, la mwisho liwe la kwanza, akabonyeza, akatulia, akasema "ndiyo, hii hapa", akatoa karatasi moja akatuambia tukae chumba cha pili. Hakuna pingu, hakuna askari. Saa nne jaji akamwita, mkalimani yuko kwenye spika ya simu, akamuuliza kwa nini amekuja leo baada ya miaka yote hiyo, kaka akasema mke wangu ana mimba ya miezi minane na mimi ndiye dereva. Jaji akatazama leseni mpya, akaifuta waranti palepale, akampa tarehe ya mwezi uliofuata.

Siwezi kukuahidi kila jaji atakuwa hivyo, anaweza kudai dhamana, anaweza kukusema kwanza. Lakini aliyekuja kwa miguu yake na aliyeletwa kwa gari la polisi saa nane usiku hawaangaliwi kwa jicho moja, majaji wengi wanaona kuja kwako ni dalili kwamba hutakimbia tena. Texas sheria yenyewe inamtaka jaji afute waranti ya kutofika kwa makosa ya faini kama mtu amekuja kwa hiari kabla hajakamatwa na ameonyesha nia ya kweli ya kumaliza. Kule pia kuna msako wa kila mwaka, mahakama nyingi zinaungana mwezi wa pili na wa tatu, na kabla yake wanatoa kipindi cha msamaha, usingoje msako uanze. Sehemu nyingine wanafanya siku za kujisalimisha makanisani, Cleveland 2005 ndiyo walianza, kwa siku nne watu zaidi ya 800 walijitokeza kanisani, na wengi walirudi nyumbani siku hiyo hiyo. Ukisikia tangazo la namna hiyo soma masharti, makosa gani yanaingia, halafu nenda.

Habari ya pesa. Ukiambiwa deni limekuwa dola 900 kutoka 200 usikimbie na usisaini tu. Mahakama Kuu ilishasema 1983, kesi ya Bearden dhidi ya Georgia, mtu aliyepigwa faini ya dola 500 na fidia ya 250, akapoteza kazi, akafungwa kwa kushindwa kumalizia, wakasema huwezi kumfunga mtu kwa umaskini bila kwanza kuuliza kama ana uwezo na alijitahidi. Kwa hiyo mwambie jaji wazi, kabla hajapanga kiasi, "siwezi kulipa yote, naomba uangalie uwezo wangu", mpe zile karatasi za mshahara. Omba apunguze, omba mafungu, omba kazi za jamii badala ya pesa. Ukipewa mafungu sema kiasi unachokiweza kweli, dola 25 kila mwezi bila kukosa ni bora kuliko 100 utakayoshindwa mwezi wa tatu waranti ikarudi. Na angalia usilipe mtandaoni kabla hujaelewa, sehemu nyingi kulipa tiketi ni sawa na kukiri kosa, rudi juu kwenye aya ya wasio raia.

Ikitokea umesimamishwa kabla hujaenda, usikimbie, usibishane, usitoe jina la ndugu yako maana hilo ni kosa jipya na baya kuliko la kwanza. Ndiyo, wanaweza kukukamata hata kwa kosa la faini tu, mwaka 2001 Mahakama Kuu iliruhusu hivyo kwa mama wa Texas aliyekamatwa kwa mkanda wa gari ambao faini yake haizidi dola 50. Sema unataka wakili, habari za kosa lenyewe nyamaza mpaka umpate.

Waranti ikifutwa usitoke mle ndani bila karatasi yenye muhuri inayosema imefutwa, tengeneza nakala, moja ikae kwenye gari. Kompyuta za polisi zinachelewa, jaji anafuta Jumanne, askari wa barabarani Alhamisi bado anaiona, na karatasi hiyo ndiyo itakayokutetea pale. Baada ya wiki piga tena kwa karani uulize kama imetoka kwenye mfumo. Leseni nayo hairudi yenyewe, mahakama inatoa taarifa lakini wewe unatakiwa uende ofisi ya leseni, ulipe ada ya kurudishiwa, na usiendeshe mpaka wakwambie imefunguka. Na kesi ikiisha kabisa omba nakala ya uamuzi yenye muhuri, maana fomu ya uraia ya N-400 inauliza habari za kukamatwa na kupewa tiketi, na mahakama nyingine ndogo haziweki mafaili milele, miaka kumi mbele unaweza kuambiwa halipo.